Namna ya Kuisema Shule ya Kata

Kila mtu anaisema shule ya kata. Inasemwa kwenye mashine ya kusaga, kisimani, chini ya mwembe wanapochezea bao, na ndani ya basi lililojaa linalotoka Mpanda mjini. Mtu ambaye hawezi kumfundisha fundi cherehani namna ya kukata kitambaa, shule ataisema bila kuombwa: walimu hawafundishi, watoto hawasomi, wazazi hawachangii. Anamaliza kuihukumu kabla kondakta hajamaliza kukusanya nauli.

Kazi hii inafanywa ovyo, na mimi naamini inastahili kufanywa vizuri. Kwa Kiswahili, kuisema shule ni kuieleza, na ni kuilaumu pia. Shule ya sekondari ya kata inastahili yote mawili, kwa sababu ndiyo shule ya watoto walio wengi wa nchi hii, na kitu cha wengi hakisemwi kwa kutupiwa neno dirishani. Basi huu hapa mwongozo. Mahali pa mazoezi ni Sibwesa, kata ya wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Ukiwa Inyonga, Mishamo au Karema, fuata hatua hizi hizi. Utabadilisha majina ya vitongoji tu.

Vifaa: viatu vya kutembelea, daftari, kalamu, na, kwa kuanzia, siku nzima ya kazi. Jumapili haifai. Siku hiyo shule imefungwa na wazazi wamevaa vizuri, na mtu aliyevaa vizuri hutoa maoni yaliyovaa vizuri. Nenda Jumanne.

Hatua ya kwanza inaanzia nyumbani kwa mwanafunzi, wala si shuleni. Chagua mtoto wa kitongoji cha mbali, omba ruhusa kwa mzazi wake tangu jana yake jioni, na uwe mlangoni saa kumi na moja alfajiri. Hapo utajifunza jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam halioni kwa macho. Tanzania nzima inatumia saa ileile, lakini jua halikusaini makubaliano hayo. Huku magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika, jua linachomoza kama nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Kuna miezi ambayo saa moja asubuhi inagonga jua bado halijatokeza. Ratiba ya shule ni ileile ya nchi nzima, kwa hiyo mtoto wa Katavi anatembea gizani kipande cha njia ambacho mwenzake wa pwani anakitembea kweupe.

Tembea naye. Usipande bodaboda ukamsubiri mbele. Kati ya Novemba na Aprili mvua inanyesha, na utamwona anavua viatu na kuvishika mkononi, daftari kazifunga ndani ya kipande cha nailoni, anavuka mkondo kwa kupima kina na mguu. Usimuulize maswali ya maoni njiani, hesabu hatua. Kilomita tano, saba, wengine zaidi. Ukifika shuleni umechoka, ukatamani kukaa chini, hapo ndipo siku yake ya masomo inapoanza. Ukimuuliza saa tatu asubuhi shule yake ikoje, miguu yake ndiyo itakayojibu.

Kama mmechelewa, utakutana na mwalimu wa zamu. Hapa fungua daftari. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye, viandikwe katika kitabu, na msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike kama yupo. Uliza kwa adabu kama kitabu hicho kipo na kinaandikwa. Swali hilo moja litakufundisha kuhusu uongozi wa shule zaidi ya hotuba ya mahafali, na utauliza ukiwa na haki ya kuuliza, kwa sababu umechelewa pamoja na mtoto na unajua kwa nini.

Wengine hawatembei, wamepanga. Hili ni somo zima, na ninaomba ulikalie. Mahali ambapo shule iko mbali na hakuna hosteli, mzazi anamkodia mtoto chumba kijijini karibu na shule. Wanafunzi wanakiita geto. Nenda ukakione. Mkeka au kitanda cha kamba, ndoo, sufuria moja iliyokuwa ya mama, jiko la mafiga nje, koroboi au taa ndogo ya sola, na unga uliopimwa nyumbani Jumapili kwa matumaini ya kufika Ijumaa. Mpangaji ana miaka 15. Anapika, anafua, anafagia, anasoma, na hakuna mtu mzima wa kumwambia alale. Unga ukiisha Alhamisi, kuna mtu mwenye bodaboda anayejua vizuri sana kwamba umeisha Alhamisi.

Sisemi haya kuwatisha wazazi. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi ndiyo iliyoongoza Tanzania kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokuwa wamezaa au wana mimba: asilimia 45. Karibu nusu. Nyuma ya namba hiyo kuna vyumba vya namna hii, na kuna umbali. Mzazi atakwambia shule haina nidhamu. Msichana atakwambia shule haina hosteli. Wanazungumzia usiku uleule.

Andika pia kwamba tangu Novemba 2021 msichana aliyekatisha masomo kwa kujifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo. Kisha uliza ni wangapi wamerudi kwenye shule unayoisema. Si kwa kulaumu. Uliza nani anabaki na mtoto, anakaa dawati gani, wenzake wanamwitaje. Maoni ya msichana huyo kuhusu shule yana uzito wa pekee, kwa sababu yeye ameichagua mara mbili.

Hatua inayofuata ni kujua unachokisema kimetoka wapi. Itakuchukua dakika chache tu.

Mwaka 2004 serikali ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za sekondari za serikali hazikufika 1,000 nchi nzima. Kufikia mwaka 2010 zilikuwa zimepita 3,300. Kila kata iwe na sekondari yake: agizo hilo alilisukuma kwa nguvu Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu, na wananchi wakabeba mawe, mchanga na maji. Majengo yalipanda haraka kuliko walimu. Walioletwa kwa mafunzo ya muda mfupi wakaitwa voda fasta, jina la vocha ya simu, na shule zenyewe zikaitwa yeboyebo, kwa jina la viatu vya plastiki vya bei ya chini. Majina hayo yalichekesha mijini. Huku kwetu yeboyebo ndivyo viatu vilivyomfikisha mtu shuleni, na nadhani ni wakati wa kuyaacha.

Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Yalitangazwa Februari 2013: karibu watahiniwa 400,000, na zaidi ya 240,000 kati yao wakapata sifuri. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Mizengo Pinda, mzaliwa wa mkoa huu huu, mwenyewe akipenda kujiita mtoto wa mkulima. Aliunda tume, matokeo yakapangwa upya, na idadi ya waliofaulu ikapanda. Lakini mzazi hakusahau. Ukizungumza leo na baba wa miaka 50 ukashangaa kwa nini haiamini shule ya kata, fanya hesabu: mwaka 2012 alikuwa na mtoto au mdogo wake aliyekaa kwenye mtihani ule. Na miaka miwili baadaye akadaiwa mchango wa maabara, kwa sababu Rais Kikwete alikuwa ameagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu kufikia Novemba 2014, muda ukasogezwa hadi Juni 2015. Kuna kata ambazo mgambo walipita nyumba kwa nyumba, na kuku wa mama wakawa sehemu ya jengo la fizikia. Kuku hao bado wanakumbukwa. Usiingie kwenye mazungumzo ya michango bila kujua habari zao.

Januari 2016 ada ikafutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa na 70,000 kwa bweni. Mwishoni mwa mwaka 2021 yakaanza kujengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za kukabiliana na UVIKO-19, 12,000 kati yake ya sekondari. Ukifika shule ya kata leo utayatambua kwa bati na rangi, yamesimama kando ya yale ya nguvu za wananchi. Mpitie mzee yeyote aliyechimba msingi, atakuonyesha ukuta wake. Uguse ule ukuta mbele yake. Ni heshima.

Sasa matokeo. Watu wengi wanaoisema shule huanzia hapa na kuishia hapa, ndiyo maana nimeyaweka baada ya viatu na geto. Mwezi wa kwanza matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yenye intaneti inazunguka kijiweni na mtu anasoma kwa sauti: divisheni wani hakuna, tuu wawili, foo kibao, ziro kadhaa. Tayari hukumu imetoka.

Soma taratibu. Divisheni inahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, F ni pointi 5. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, na ya nne ni 26 hadi 33. Tazama upana wa hiyo ya nne. Ndani yake yumo mwenye pointi 26, ambaye amekaribia mlango wa kidato cha tano akaukosa kwa nukta, na yumo mwenye D mbili na F tano. Kijiweni wote wanaitwa foo. Ukiisema shule kwa jumla ya foo zake, umechanganya mchele na pumba, na mkulima hawezi kukusamehe kosa hilo. Fungua jina moja moja, tazama masomo. Ukikuta shule nzima ina F ya hisabati na fizikia, lakini Kiswahili na historia wanapumua, umegundua kitu cha kweli: huenda hapakuwa na mwalimu wa hisabati. Hilo linaweza kusemwa kwa sauti kubwa, kwa afisa elimu, kwa barua yenye tarehe.

Kisha fanya hesabu ambayo mtandaoni haipo. Omba kujua ni wangapi waliandikishwa kidato cha kwanza miaka minne iliyopita, na wangapi wamefanya mtihani. Tuseme waliingia 120, wakafika 75. Wale 45 hawana divisheni. Hawamo kwenye asilimia ya ufaulu. Wako mashambani, wako kwa mashemeji mijini, wako machimboni, wako na watoto mgongoni. Hao ndio matokeo ya kwanza ya shule, na mzazi wa mmoja wao ana maoni ambayo hayataulizwa na mtu yeyote isipokuwa wewe.

Usilinganishe shule hii na seminari au shule ya binafsi ya mjini inayochuja kwa mtihani wa kuingilia na kupunguza wengine njiani. Shule ya kata haichuji, inapokea. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na kwa maoni yangu lilifanya vyema, kwa sababu orodha ile ilikuwa inapima zaidi nani aliyeingia mlangoni kuliko kilichofanyika darasani. Shule iliyompokea mtoto asiyeweza kusoma sentensi mbili za Kiingereza ikamtoa na C ya biolojia imefanya kazi kubwa kuliko ile iliyompokea na A ikamtoa na A.

Baada ya hapo nenda kwa mzazi, na ujue majira. Novemba hadi Januari ni kulima na kupanda. Atakujibu akiwa ameinama. Subiri mavuno. Na usiende mikono mitupu. Mama anayepukuchua mahindi hawezi kusimama akakutolea maoni, kwa hiyo kaa chini upukuchue naye. Maoni yanatoka vizuri mikono ikiwa na kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Sogeza hicho kigunia ukalie."

Mpe nusu debe la muda kabla ya kuuliza. Ataanza mwenyewe. "Walisema bure. Haya, ada kweli sijalipa, sisemi uongo. Lakini sare nimenunua mbili na ya michezo. Kaunta buku. Viatu. Mahindi ya chakula cha shule na maharage yake. Hela ya mwalimu wa kujitolea, wa hesabu. Hela ya mlinzi. Mimi sikatai, mtoto ni wangu. Ninachotaka niambiwe zimefanya nini."

Andika neno kwa neno, kwa maana hapo kuna jambo linalopotea kila siku kwenye mabishano ya elimu bure. Waraka wa elimu bure ulifuta ada. Chakula cha mtoto wa kutwa, sare na madaftari vilibaki kwa mzazi, na mchango wa hiari unaruhusiwa kwa makubaliano. Neno hiari na neno makubaliano ndiyo uwanja wa vita. Mzazi huyu halalamikii debe la mahindi. Analalamikia ukimya unaofuata baada ya debe kupokelewa.

Katika wilaya hii hii ya Tanganyika kuna vijiji vinane vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata na kulipwa kwa hewa ya kaboni, na sehemu ya fedha hizo imejenga madarasa na zahanati. Vijiji vingine havina msitu wa namna hiyo wa kuwachangia wakazi. Kwao anayechanga ni mahindi, karanga, ufuta, na mgongo wa mtu. Ukiisema shule kwamba wazazi wake ni wazito kuchanga, taja kwanza bei ya gunia la mahindi siku uliyosema hivyo.

Usiondoke kabla hujamsikia na baba. Baba wa huku mara nyingi ana swali moja, naye atalileta mwishoni, wakati unakung'uta nguo ili uondoke: "Na akimaliza?" Kijijini kwake anamjua kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, cheti anacho, ajira hana, anaendesha bodaboda ya mtu. Anamwona kila siku akipita. Kwa baba huyo, kijana yule ndiye kitabu cha maelezo ya shule, na kinapita mbele ya nyumba yake kikiwa kimepakia abiria wawili. Usimjibu kwa msemo wa ukutani. Mwambie ulichokiona: mtoto wake anaweza kusoma lebo ya dawa ya mimea, anaweza kuukataa mkataba wenye hesabu mbovu, anaweza kumwandikia barua mtendaji wa kata. Au mwambie kweli kwamba hayawezi, kama hayawezi. Baba atakuheshimu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Na sikiliza viambishi. Hili ni zoezi dogo lenye faida kubwa. Mzee aliyebeba mawe husema "shule yetu". Mama anayedaiwa mchango husema "shule yao". Mwalimu mgeni, mwaka wa kwanza husema "shule hii", na ukimsikia anasema "kwetu hapa", jua ameamua kubaki. Mwanafunzi husema "shule" tu, bila mwenyewe.

Huyo mwanafunzi sasa. Msikilize mbali na mwalimu na mbali na mzazi, lakini mahali pa wazi, wakiwa wawili au watatu, kwenye kivuli cha njia ya kurudi nyumbani. Usimuulize "unaionaje shule yako?" Swali hilo lina jibu moja: nzuri. Amefundishwa adabu. Muulize hivi: mwalimu gani asipokuja mnasikitika? Kipindi gani mnakaa wenyewe? Choo mnakiingia? Chakula leo kilikuwepo? Muulize angependa kesho asubuhi akute nini kimebadilika.

Atakwambia habari za makande yasiyoiva vizuri, na atacheka. Atakwambia madam fulani anafundisha mpaka kengele ya mwisho, na macho yake yatabadilika. Msichana, ukimpa nafasi, au ukimpa mama wa kumuuliza badala yako, atakwambia siku ngapi kwa mwezi hafiki shuleni kwa sababu chooni hakuna maji wala mlango. Siku nne au tano kila mwezi, kwa miaka minne: zidisha mwenyewe, halafu rudi ukaisome divisheni yake.

Na wote watakwambia juu ya lugha. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili. Januari moja anaingia kidato cha kwanza, na karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Mwalimu mwenye huruma anaeleza kwa Kiswahili, darasa linaelewa, linacheka, linajibu. Kisha anageuka ubaoni anaandika notsi kwa Kiingereza, nao wananakili. Mtihani unakuja kwa lugha ya ubaoni. Nimewahi kumuuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu, mahali ambapo sitapataja, kwa nini aliacha ukurasa mzima wa biolojia wazi. Akasema: "Jibu nilikuwa nalo. Swali ndilo sikulielewa."

Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2015 iliahidi kwamba Kiswahili kitafundishia katika ngazi zote. Toleo la 2023 limeacha Kiingereza kiendelee sekondari. Kuna wazazi wanaokitaka Kiingereza kwa nguvu zao zote, kwa kuwa wameona watoto wa wenye nacho wakipelekwa kukinunua. Siwalaumu. Lakini wazazi hao hawakuuona ule ukurasa mtupu, na mimi nimeuona. Unapoisema shule ya kata kwamba watoto wake ni mbumbumbu, hakikisha kwanza unajua kama walikosa jibu au walikosa swali.

Kwa mwalimu pita pia, japo maoni yake si mada ya leo. Muulize analala wapi, mshahara anaufuata umbali gani, anafundisha vipindi vingapi kwa wiki na kati ya masomo yake ni lipi hakulisomea. Mpe maji ya kunywa. Atakuwa hajaulizwa na mtu siku nyingi.

Sasa una haki ya kusema. Swali ni wapi. Kijiweni utasikilizwa na kusahaulika. Kuisema shule hadharani kumewahi kuwa na gharama nchi hii: mwaka 2005 wizara ililizuia shirika la HakiElimu kufanya na kuchapisha tafiti za shule, kwa madai kwamba linaudhalilisha mfumo wa elimu. Marufuku ilipita, shule zilibaki, na yaliyosemwa yalikuwa yanaonekana na kila mwenye macho. Kwa hiyo usiogope, ila chagua mahali penye masikio na muhuri: mkutano wa wazazi.

Mkutano umeandikwa saa nne. Fika saa nne. Utakuta viti havijapangwa. Saidia kuvipanga, kwani wanafunzi wanaovipanga wamekosa kipindi. Wakati mnasubiri, tembelea ubao wa matangazo utafute karatasi ya fedha: ruzuku imepokelewa kiasi gani, imetumika vipi. Kama ipo, isome kwa sauti kwa walio karibu nawe, maana wengine wameacha miwani nyumbani. Kama haipo, hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza, na ni hoja ya yule mama wa mahindi.

Ajenda zitasomwa: kufungua, taarifa ya taaluma, michango, mengineyo, kufunga. Nyoosha mkono mapema, kabla hazijapitishwa. Omba kwa heshima mambo ya wanafunzi yaondolewe kwenye mengineyo, kwa sababu mengineyo hufikiwa saa nane, jua likiwa utosini na nusu ya watu wameondoka. Omba yawekwe kabla ya michango. Omba dada mkuu na kaka mkuu waitwe, wakae mbele, waseme wenyewe habari za maji, njia, hosteli na swali lisiloeleweka. Mwenyekiti atasita. Mama mmoja nyuma atasema "waitwe," kisha mwingine, kisha yule mzee wa ukuta.

Wakiingia, watasimama wima mikono nyuma na kusalimia kwa pamoja, "Shikamooni." Itikieni. Halafu mtu awasogezee viti, maana wametembea tangu saa kumi na moja.